Kolesteroli haichomwi mwilini, hutolewa: jinsi ini linavyomwaga mafuta kwenye nyongo (uzi mrefu kidogo)

#1 Mshika Darubini (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi humu mtu aliuliza kazi ya nyongo ni nini. Akajibiwa na watu kama kumi, wote kwa sauti moja: kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Si uongo. Ila ni kama kusema kazi ya mlango ni kuingilia ndani. Na kutoka je?

Iko hivi. Sukari mwili unaichoma ikawa nguvu. Mafuta ya kawaida unayachoma. Hata protini ikibidi. Kolesteroli, ambayo vitabu vyetu vingine huiita lehemu, hauichomi. Ina pete nne za kaboni zilizoshikana, na hakuna seli ya binadamu yenye kimeng'enya cha kuzivunja pete hizo. Wakati huohuo mwili wenyewe unatengeneza karibu gramu 1 mpya kila siku, ukiongeza na inayoingia kwa chakula. Isipopata pa kutokea inarundikana. Na pa kutokea ni kwenye nyongo.

Sasa ugumu wenyewe: nyongo ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kolesteroli na maji ni paka na panya. Ini linaivushaje? Hapo ndipo penye utamu. Nakuja kushusha, naomba msiniwekee nukta tu na kuondoka.

#2 Fundi Bati

Mkuu, lehemu mimi naijua ile ya kuungia bati. Kumbe na mwilini ipo? Nimevuta kiti.

#3 Mshika Darubini

Fundi, umenichekesha, lakini hujakosea sana, zote mbili zikipoa zinaganda ngumu. Na jina kolesteroli lenyewe ndivyo lilivyo: kwa Kigiriki *chole* ni nyongo, *stereos* ni gumu. Nyongo ngumu. Halikutokana na damu wala moyo kama wengi tunavyodhani. Mfaransa Poulletier de la Salle aliipata kwenye vijiwe vya nyongo karne ya 18, kisha Chevreul, Mfaransa mwenzake, akaipa jina mwanzoni mwa karne ya 19. Yaani kabla binadamu hajajua kuwa kitu hiki kinaziba mishipa ya moyo, alikuwa ameshakiokota kwenye mfuko wa nyongo.

Turudi kwenye ini.

Chukua seli mbili za ini zilizobanana. Kati yake kuna mfereji wenye upana wa kama maikromita 1. Unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara hamsini na zaidi. Mfereji huu hauna ukuta wake wenyewe. Kuta zake ni ngozi za seli hizohizo mbili, zimeshonwa kingo ili nyongo isivujie kwenye damu. Upande wa pili wa seli hiyohiyo inapita damu, tena mielekeo yake inapishana: damu inakwenda katikati ya kijisehemu cha ini, nyongo inatoka nje. Kwa hiyo kila seli ya ini ina milango miwili, wa damu na wa nyongo. Lishikeni hilo la milango miwili, nitalihitaji baadaye.

Kwenye ngozi inayotazama mfereji kuna pampu. Nazitaja kwa majina ya jeni zake maana ndivyo yalivyo kwenye majibu ya vipimo.

ABCB11 inasukuma chumvi za nyongo. Chumvi hizi ni kolesteroli iliyofanyiwa ukarabati: ini linaichukua, linaipachika vipande vinavyopenda maji, na kitu kilichokuwa kinaogopa maji kinageuka sabuni. Sabuni kwelikweli, inamumunya mafuta.

ABCB4 haisukumi kitu nje. Inapindua. Ngozi ya seli ina tabaka mbili za mafuta yanayoitwa fosfolipidi, na pampu hii inaichukua mojawapo, lesithini, kutoka tabaka la ndani na kuiweka tabaka la nje. Pale nje chumvi za nyongo zinapita zikiibandua.

ABCG5 na ABCG8 ni mapacha. Mmoja peke yake hafanyi kitu, wanashikana ndipo wanaitoa kolesteroli yenyewe.

Vikishakutana mle mferejini, chumvi na lesithini vinajipanga kuwa vijichembe vidogo sana, mikia inayopenda mafuta ikitazama ndani na vichwa vinavyopenda maji vikitazama nje, na kolesteroli inakaa katikati kama abiria aliyefichwa kwenye shehena. Ndivyo inavyovuka maji.

#4 Binti Nahodha

Asante kwa madini. Swali la kijinga labda: kama chumvi za nyongo ni sabuni kali hivyo, kwa nini zisiimumunye seli ya ini yenyewe iliyozitoa?

#5 Mshika Darubini

Si la kijinga hata kidogo, ndilo lililowatesa watafiti.

Jibu lilipatikana Amsterdam mwaka 1993. Walifuta kwa panya ile jeni ya kupindua lesithini. Chumvi za nyongo ziliendelea kutoka kama kawaida. Lesithini ikatoweka kabisa kwenye nyongo, na kolesteroli nayo ikapungua mno ingawa haikuguswa. Na maini ya panya wale yakaharibika. Kwa nini? Sabuni ilikosa cha kumumunya, ikageukia mifereji iliyoibeba.

Maana yake lesithini ni abiria na ni mlinzi kwa wakati mmoja. Inaipa sabuni kazi ya kufanya ili isiwatafune wenyeji. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye nakala zote mbili za ABCB4: macho yanakuwa ya njano, mwili unawasha mpaka hawalali, na ini linaweza kushindwa kabla hawajawa watu wazima. Aliye na nakala moja mbovu anaweza kuishi bila kujua, kisha akipata ujauzito ndipo muwasho unaanza. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo usiku, bila upele, asiambiwe ni joto. Aende akapimwe asidi za nyongo kwenye damu. Hilo nalisema kwa herufi nzito kichwani mwangu ingawa sijui kuweka herufi nzito humu.

#6 Kisogo

Mimi nimetolewa mfuko wa nyongo mwaka jana. Nilihangaika karibu miaka miwili, naambiwa vidonda vya tumbo, nakunywa dawa za vidonda, maumivu yanakuja usiku chini ya mbavu upande wa kulia na kupanda hadi kwenye bega. Sitataja ni wapi. Siku nilipopigwa ultrasaundi ilichukua dakika tano kuonekana.

Baada ya upasuaji niliomba nipewe vijiwe vyangu. Viko kwenye kikopo hapa mezani. Ni saba, njano iliyopauka, vina pembe na nyuso bapa kama mtu kavichonga kwa kisu. Kimoja nilikipasua: ndani kinang'aa, mistari inatoka katikati kwenda nje kama miale. Mtoa mada, hii ndiyo hiyo lehemu yako?

#7 Mshika Darubini

Kisogo, pole kwa yaliyokupata. Kwa maelezo hayo, karibu ni kolesteroli tupu. Nyuso bapa ni kwa sababu vilikuwa vimebanana mfukoni, vikisuguana. Kingekuwa kimoja peke yake kingekaa mviringo. Miale ni fuwele zilizokua kuanzia katikati.

Vinatokeaje? Mwaka 1968 watafiti Admirand na Small walichora pembetatu. Pembe moja chumvi za nyongo, ya pili lesithini, ya tatu kolesteroli. Nyongo ya kila mtu ni nukta mahali fulani ndani ya pembetatu hiyo. Kuna eneo dogo pembeni ambako kolesteroli yote inabebwa vizuri. Nukta yako ikitoka nje ya eneo hilo, abiria wamezidi viti, na waliokosa viti wanaanza kushikana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kawaida nyongo ina chumvi kama asilimia 70 ya molekuli hizi, lesithini asilimia 20 na kitu, kolesteroli chini ya 10. Nafasi ya kukosea ni ndogo.

Kisha kuna mfuko wenyewe. Unabeba mililita 50 hivi, na kazi yake ni kufyonza maji na kuikoleza nyongo mara kadhaa. Ukichelewa kujikamua, uji unakaa, fuwele zinapata muda wa kukua. Ndiyo maana anayepunguza uzito kwa kasi hupata vijiwe: mafuta ya mwili yanapoyeyuka yanaachia kolesteroli iliyokuwa imehifadhiwa humo, ini linaisukuma kwenye nyongo, na kwa kuwa mtu hali chochote, mfuko haupati ishara ya kujikamua. Ujauzito unafanana na hapo. Estrojeni inaongeza kolesteroli kwenye nyongo, projesteroni inaulegeza mfuko.

Na kuna kuzaliwa nayo. Mwaka 2007 iligundulika kuwa badiliko dogo kwenye jeni ya ABCG8 linaongeza uwezekano wa vijiwe. Pampu inafanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Damu inafaidika, mfuko wa nyongo unaumia.

#8 Dakika Tisini

Mada nzuri lakini naomba nirekebishe jambo kabla watu hawajalibeba hivyo hivyo. #1 umeandika pa kutokea ni kwenye nyongo, kana kwamba ni njia moja tu. Ukuta wa utumbo nao unatoa kolesteroli moja kwa moja kutoka kwenye damu, bila kupitia nyongo. Ngozi inayobanduka inaondoka nayo. Kidogo kinageuzwa homoni. Usimnyime mwenye haki haki yake.

#9 Mshika Darubini

Nakubali, nilikaza mno. Nyongo ndiyo barabara kuu, hizo ni njia za panya. Nimekula kiapo cha kusoma mara mbili kabla ya kubandika.

#10 Mama Zamu

Mimi naomba la ini lenye mafuta. Nimepimwa nikaambiwa ninalo, na mimi mafuta sili kwa kweli. Sasa kama ini lina uhodari wote huu wa kumwaga mafuta kwenye nyongo, hayo yaliyojaa limeshindwaje kuyamwaga?

#11 Mshika Darubini

Mama Zamu, hapa ndipo niliposema mshike habari ya milango miwili.

Mafuta yanayojaa kwenye ini ni trigliseridi, yaani mafuta ya akiba. Hayatoki kwa mlango wa nyongo kabisa. Ukiipima nyongo utakuta lesithini, kolesteroli na chumvi zake, trigliseridi haimo. Trigliseridi inatokea mlango wa damu, na haiwezi kutoka uchi kwa sababu nayo haipatani na maji. Ini linaifungasha kwenye mzigo wa mviringo, linauzungushia lesithini na protini moja ndefu iitwayo apoB-100, linauachia kwenye damu. Huo ndio VLDL. Ukiwa njiani unashusha mafuta kwenye misuli na kwenye mafuta ya mwili, unasinyaa, na sehemu ya masalia yake inageuka LDL, mzigo mdogo unaobeba kolesteroli kwenye damu, ile mnayoiona kwenye karatasi za majibu.

Sasa yanayoingia yakizidi uwezo wa kufungasha, yanabaki ghalani. Zaidi ya asilimia 5 ya seli zikiwa na matone ya mafuta, hilo tayari ni ini lenye mafuta.

Yanatoka wapi kama huli mafuta? Walipofuatilia kwa wagonjwa, kama asilimia 60 yalitoka kwenye mafuta ya mwili yaliyoachiwa kwenye damu, robo hivi ini liliyatengeneza lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga uliozidi, na sehemu ndogo ndiyo ya chakula chenye mafuta moja kwa moja. Kwa hiyo usijisute kwa tone la mafuta. Tazama kiuno na sukari. Ukipunguza hata asilimia 5 ya uzito, ghala linaanza kupungua, ila taratibu. Umeona kwa Kisogo haraka inavyomalizikia.

#12 Mganga wa Kisasa

Acheni kuzunguka. Ipo njia ya siku moja: unafunga, unakunywa mafuta mengi ya mimea pamoja na kitu chenye tindikali, asubuhi unatoa vijiwe vya kijani kibao. Nimewasafisha watu wengi maini. Anayetaka aje inbox.

#13 Mshika Darubini

Inbox baki nayo, hapa tuongee hadharani. Vijiwe hivyo vilishapelekwa maabara, taarifa ikatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2005. Havikuwa kolesteroli. Vilikuwa sabuni: mafuta aliyoyanywa mgonjwa yamevunjwa tumboni, yakakutana na potasiamu, yakaganda. Rangi ya kijani ni ya nyongo. Yaani mtu anakunywa mafuta usiku, asubuhi anaonyeshwa mafuta yaleyale na kuambiwa ni ugonjwa wake.

Fanya jaribio dogo. Kijiwe cha Kisogo ukiweka kwenye maji ya uvuguvugu kitakaa hapo mpaka uchoke. "Kijiwe" cha kusafisha ini kitayeyuka kuwa mafuta. Na mwenye vijiwe vya kweli akiubana mfuko wake kwa mafuta mengi kwa mpigo, kijiwe kinaweza kwenda kukwama kwenye mrija, hapo ndipo kongosho linaposhika moto.

#14 Mganga wa Kisasa

Sayansi ya wazungu.

#15 Binti Nahodha

Sabuni haina kabila ndugu yangu. Mleta mada, endelea. Baba yangu yuko kwenye statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nataka kujua inaingilia wapi katika habari hii yote.

#16 Mshika Darubini

Kwanza ujue mzunguko, maana bila huo dawa hazieleweki.

Chumvi zote za nyongo mwilini ni kama gramu 3 tu. Lakini utumbo unahitaji gramu 20 hadi 30 kwa siku. Hesabu inakaaje? Zinarudishwa. Zikishafanya kazi, mwisho wa utumbo mwembamba zinafyonzwa, zaidi ya asilimia 95, zinapanda kwenye vena inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, ini linazidaka na kuzimwaga upya. Mara 6 hadi 10 kwa siku. Inayopotea kwenye choo ni nusu gramu hivi, na ini linatengeneza nusu gramu kufidia, kwa kutumia kolesteroli. Hata kolesteroli iliyomwagwa kwenye nyongo, karibu nusu inafyonzwa na kurudi. Na iliyomwagwa ni nyingi kuliko ya chakula: kama gramu 1 dhidi ya theluthi ya gramu kwa mlaji wa kawaida. Mtu anahangaika na sahani, kumbe utumbo wake unashughulika zaidi na kolesteroli yake mwenyewe.

Ini linajuaje kiasi cha kutengeneza? Linaonja. Chumvi zikirudi nyingi, zinashika kipokezi kiitwacho FXR, na kiwanda cha chumvi kinapunguza kasi. Utumbo nao unatuma homoni yake, FGF19, kusema hivyohivyo. Kolesteroli ikipungua ndani ya seli ya ini, seli inafanya mambo mawili pamoja: inaongeza utengenezaji, na inatoa vidaka LDL vingi zaidi kwenye mlango wa damu ili iivute LDL inayopita. Vidaka hivyo ndivyo vilivyowapa watafiti Brown na Goldstein Nobeli ya 1985.

Sasa baba. Statini inaziba kiwanda cha kolesteroli. Seli ya ini inahisi njaa, inatoa vidaka, LDL inashuka kwenye damu. Kuizuia kolesteroli isitengenezwe ni nusu tu ya kazi ya dawa, kinachosafisha damu ni ini lenyewe kwa njaa yake. Akira Endo wa Japani ndiye aliyeipata ya kwanza, kwenye ukungu, miaka ya 1970.

Kolestiramini inapita njia nyingine kabisa na nadhani ndiyo nzuri kuliko zote kuielezea, ingawa wagonjwa hawaipendi, ni unga kama mchanga. Haiingii kwenye damu hata chembe. Inakaa utumboni, inazikamata chumvi za nyongo, inaondoka nazo chooni. Ini linakosa za kurudi, linalazimika kugeuza kolesteroli kuwa chumvi mpya, linaishiwa kolesteroli, linatoa vidaka. Dawa iko tumboni, LDL inashuka kwenye damu, na haijagusa damu.

Ezetimibu, dawa nyingine, inaziba mlango wa utumbo, basi kolesteroli iliyotoka na nyongo hairudi.

#17 Fundi Bati

Kwa hiyo Kisogo aliyetolewa mfuko, nyongo yake inakaa wapi sasa?

#18 Mshika Darubini

Haikai, inadondoka moja kwa moja utumboni kidogo kidogo. Mfuko ulikuwa tangi, kiwanda kiko palepale. Baadhi ya watu wanaharisha kwa sababu chumvi nyingi zinafika utumbo mpana, wengi wanazoea. Farasi hana mfuko wa nyongo kabisa. Anaishi.

#19 Kisogo

Mimi niliharisha mwezi mmoja na nusu, kisha ikatulia yenyewe.

Mleta mada, uliposema yule Mfaransa aliipata kolesteroli kwenye vijiwe, alifanyaje?

#20 Mshika Darubini

Kwa spiriti. Kolesteroli inayeyuka kwenye spiriti yenye joto, ikipoa inajitenga. Ukitaka kujaribu, kisage kimoja, tia kwenye chupa ndogo ya kioo, spiriti kali, usifunge kifuniko, kisha isimamishe ndani ya bakuli la maji ya moto. Sirudii: maji ya moto, si moto. Dirisha wazi, na kusiwe na mwali wowote karibu.

#21 Kisogo

Nimefanya jana jioni nje ya mlango. Unga uliyeyuka karibu wote, ukabaki uchafu wa kahawia chini. Asubuhi hii chupa imepoa, na ndani kuna vipande bapa vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki, ukiitikisa vinapepea. Miaka miwili ya dawa za vidonda vya tumbo, na ugonjwa wenyewe ni huu unaometameta. Nimebaki na sita. Picha naweka mtandao ukikaa sawa.